Hirizi ya Kapteni Crisanto

Uzi wa hirizi ulikatika saa moja na nusu asubuhi, Hiyas akiwa mbele ya kioo, suruali nyekundu ya Kapteni imemlegea kiunoni na pini mbili mdomoni. Aliinama kuiokota, na kile kitambaa kikuukuu kikaachia mshono mzima. Ndani kulikuwa na karatasi.

Angeirudisha hapo hapo, hadithi isingekuwepo. Maana kwetu Sapang Tubo kila mtoto anajua: hirizi ya Kapteni haifunguliwi. Ikifunguliwa, nguvu hutoka. Tumeambiwa ndani kuna sala za Kilatini alizoandika mtawa mmoja wa mlimani, na hakuna mtu wa ukoo wake, Dimaandal, aliyewahi kuthubutu kuchungulia. Lakini Hiyas alikuwa na miaka kumi na saba, na mtu wa miaka kumi na saba macho yake hayana adabu. Alichungulia.

Sala haziji na mhuri. Hilo ndilo wazo lake la kwanza. Karatasi ilikuwa ya chapa, ya manjano, imekunjwa mara nne, na juu kabisa palikuwa na jina la babu wa babu yake: Crisanto Dimaandal, mkulima, umri miaka ishirini na sita. Ilikuwa sedula. Kipande cha kodi ya kichwa, kile kile ambacho Mhispania alimlazimisha kila mtu kutembea nacho, na kile kile ambacho Kapteni Crisanto, kama mji mzima unavyoimba, alikirarua vipande ishirini ndani ya ghala la mpunga, tarehe ishirini na nane Agosti, mwaka 1896.

Hakikuraruliwa hata pembe.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye shughuli. Mtu wa Sapang Tubo anaweza kusahau siku aliyooa, lakini mchezo wa Agosti hausahau. Wanaume kumi na wawili walikula kiapo cha kumtoa Mhispania. Wakapanga kukutana ghalani wararue vipande vyao, maana kukirarua ni kusema mimi si mtumwa wako tena. Askari wakawazingira. Kumi walipigwa risasi pale pale. Kapteni Crisanto akapita katikati ya risasi akaingia msituni, hata shati halikutoboka, kwa sababu ya hirizi. Wa kumi na mbili, Rustico Baluyot, hakufika ghalani siku ile. Basi nani mwingine aliyewauza? Wapiganaji waliposhika mji siku tisa baadaye, Kapteni alimkata Rustico kichwa uwanjani, mbele ya mkewe aliyebeba kichanga cha siku tisa.

Ndicho tunachoigiza kila mwaka. Dimaandal anakuwa Kapteni, na yeyote aliyeshindwa kukataa anakuwa Rustico. Rustico anapoburutwa uwanjani watu humrushia santol, tunda letu lenye ganda gumu na uchachu wa kukunja uso, ambalo mwezi wa Agosti limejaa chini ya kila mti. Watoto huanza kuokota tangu alfajiri. Ni raha yao.

Hiyas aligeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa wino, maneno ya Kihispania, na mhuri wa pili. Aliipiga picha kwa simu, simu ikamtafsiria. Akasoma mara moja. Akakaa kitandani. Akasoma tena.

"Mwenye cheti hiki, Crisanto Dimaandal, ametoa taarifa za kweli juu ya mkutano wa ghalani na ameitumikia kwa uaminifu serikali ya Mfalme. Askari yeyote asimguse." Sahihi ya luteni. Tarehe ishirini na saba Agosti, 1896.

Loo! Kumbe hirizi ilikuwa ya kweli. Ilizuia risasi, tena barabara.

Miaka mitatu Hiyas alikuwa amemsumbua Mwalimu Petra, mkuu wa mchezo, amruhusu msichana kuwa Kapteni, kwa vile nyumba ya Dimaandal haina mvulana tena. Usiku alikuwa akiyasema maneno ya Kapteni kwenye mto. Mwaka huu alikubaliwa, akalia kwa furaha mbele ya darasa zima bila haya. Sasa alikuwa amekaa na ile suruali nyekundu, na alichotamani ni kuivua.

Lolo Ambo, babu yake, alikuwa jikoni anachovya mkate kwenye kahawa. Mzee wa miaka themanini na tatu, shati jeupe la sherehe, nywele zimepakwa mafuta. Ndiye aliyemlea, mama yake Hiyas yuko kiwandani Taiwan mwaka wa tisa huu. Hiyas aliweka karatasi mezani, kando ya kikombe.

Mzee hakuuliza ni nini. Hapo Hiyas akajua.

"Umeikata?" Lolo Ambo aliuliza.

"Imekatika yenyewe."

"Basi ishone. Sindano iko kwenye kopo la biskuti."

"Lolo, umeshaisoma?"

"Kunywa maziwa yako, saa mbili hiyo."

"Umeisoma!"

"Punguza sauti, mtoto wewe. Majirani wana masikio." Aliusogeza mkate pembeni. "Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nacheza Kapteni, kama wewe leo. Nikasema acha nione hizo sala, huenda zitanisaidia kwa msichana mmoja hivi. Nikapata hii. Niliishona siku ile ile."

"Miaka sitini na ushee, Lolo. Kila Agosti unakaa kiti cha mbele unapiga makofi."

"Nifanyeje? Nilie?"

"Na akina Baluyot?"

"Akina Baluyot wameshazoea."

"Wamezoea!" Hiyas aligonga meza, kahawa ikamwagika. "Mtu anazoea kutemewa mate?"

Mzee alichukua kitambaa, akaifuta kahawa taratibu, akawa mwangalifu isiiguse ile karatasi. Aliponyanyua uso macho yalikuwa mekundu, na Hiyas akaogopa, kwa sababu hakuwahi kumwona hivyo hata siku ya kumzika bibi.

"Sikiliza. Shamba hatuna, hela hatuna. Sisi tuna jina. Umesoma bure tangu darasa la kwanza kwa ajili ya jina hilo. Mimi nikipita sokoni, watu wananipa kiti. Wale kumi walikufa, Rustico alikufa, Crisanto alikufa. Ukweli wako utamfufua nani?"

Hiyas aliivuta karatasi, akaanza kuikunja.

"Leo jukwaani utararua kipande, sivyo?" Lolo Ambo akashusha sauti. "Kile cha kuigizia kiache. Rarua hiki. Mji mzima utakuwa unatazama na hakuna atakayejua. Yeye alipaswa kukirarua siku ile akaogopa. Kimalizie wewe. Yaishe."

Akanyoosha mkono, kama kila asubuhi. Hiyas aliushika akaugusisha kwenye paji la uso wake, maana mkono wa mkubwa haukataliwi, hata kama umemkasirikia mwenye mkono. Kisha akaifunga hirizi tupu shingoni kwa fundo, akachukua karatasi akatoka. Maziwa aliyaacha.

Njia nzima mpaka uwanjani watu walikuwa wakimwita. "Kapteni! Kapteni wetu wa kike! Usimwonee huruma msaliti!" Naye alikuwa akicheka nao, meno nje, huku mkono mmoja umeshikilia mfuko wa suruali. Vipande vilikuwa viwili mle mfukoni, cha kuigizia na cha kweli. Akasema moyoni, nirarue hiki, yaishe. Hatua kumi mbele akasema, sirarui. Hatua kumi tena akasema, nirarue. Alifika akiwa hajui.

Nyuma ya jukwaa alimkuta Elmo Baluyot amekaa juu ya ndoo, anakula ndizi ya kukaanga ya mamake. Elmo anasoma naye darasa moja. Ni mrefu, mwembamba, mdomo haupumziki. Tangu mchezo uanze, hakuna Baluyot aliyewahi kukanyaga uwanjani mwezi wa Agosti. Mwaka huu Rustico ni yeye, na mji mzima ulikuwa hauna stori nyingine.

"Karibu, mkata vichwa," alisema Elmo. "Panga umelinoa? Shingo nimeisugua kwa sabuni ya harufu, usije ukalalamika."

"Elmo, kwa nini ulikubali?"

"Mwalimu ameniahidi alama kumi."

"Acha utani."

Elmo alilamba sukari vidoleni. "Kila Agosti mama anafunga madirisha, anafungulia redio. Nina miaka kumi na saba, huu mchezo naujua kwa kelele zake tu. Nikasema, basi, kama ni kupigwa, bora nipigwe nikiwa naona anayenipiga." Akacheka, halafu akaacha. "Halafu Bibi naye kashupaa aje. Yule pale nyuma, karibu na gari la polisi, na mama. Rustico ni babu yake Bibi. Anasema siku ile mkewe alikuwa anajifungua, ndiyo maana hakwenda ghalani. Sijui. Mjukuu wa msaliti atasema nini kingine? Hata mimi ningesema hivyo."

"Wewe humwamini?"

"Hiyas, tangu nina miaka sita naambiwa damu yangu mbaya. Ukiambiwa kila siku, siku moja unajipima uone."

Hiyas aliingiza mkono mfukoni. "Elmo, kuna kitu—"

"Kapteni! Uko wapi wewe?" Mwalimu Petra alitokea na karatasi zake, jasho limemtiririka, kipaza sauti kwapani. "Dakika mbili! Elmo, tupa hiyo ndizi. Mkanda wako umepinda, Hiyas. Jamani, leo mtaniua!"

"Baadaye," Elmo alimwambia Hiyas, akajifuta mdomo. "Nikibaki hai."

Saa tatu kamili ngoma ikapigwa. Uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Lolo Ambo alikuwa kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti, hatikisiki. Hiyas alisimama katikati ya ghala la mianzi pamoja na wavulana kumi, na maneno yakamtoka yenyewe, kwa kuwa alikuwa ameyasema kwenye mto miaka mitatu. Wenzake wakatoa vipande. Naye akaingiza mkono mfukoni.

Cha kuigizia kilikuwa kigumu, kipya. Cha kweli kilikuwa laini, kimechoka. Vidole vilivijua bila macho. Alimtazama Lolo Ambo, na mzee akamtikisia kichwa kidogo sana. Alitoa kimoja akakirarua, akakirarua tena, akavirusha juu. Watu wakalipuka kwa shangwe. Lolo Ambo alifumba macho akashusha mabega, kama mtu aliyetua gunia. Alidhani yameisha.

Hiyas alikuwa amerarua cha kuigizia.

Fataki zikalia badala ya bunduki. Wavulana wakaanguka mmoja mmoja, wawili wakicheka. Kapteni akapita katikati ya moshi, mkono kifuani penye hirizi, na kina mama wakapiga ishara ya msalaba. Kisha ngoma ikabadilika. Wapiganaji wakamburuta Rustico Baluyot kutoka kushoto, mikono imefungwa nyuma, na ule mji wetu wenye adabu, unaosali kila Jumapili, ukainama kuokota.

Santol ya kwanza ilimpata begani. Ya pili sikioni. Miaka mingine watu hurusha zilizooza, na hurusha kwa kucheka. Siku ile walirusha mbichi. Kwa mara ya kwanza walikuwa na Baluyot mwenyewe, si mtoto wa watu aliyeazimwa. "Mbegu ya nyoka!" mtu akapaza sauti. "Ukoo wa wauza watu!" Moja ikampasua juu ya jicho. Elmo alijikaza kuonyesha tabasamu, damu ikashuka ikaingia mdomoni, akaitema, na tabasamu halikurudi tena.

Wapiganaji wakampigisha magoti mbele ya Kapteni, kama mchezo unavyotaka. Hiyas akainua panga la mbao.

"Rustico Baluyot," alisema, "umeuza damu ya ndugu zako."

"Kata!" uwanja ukajibu.

Inasemwa mara tatu. Alisema ya pili. "Kata!" Ya tatu haikutoka. Panga lilibaki juu. Mwalimu Petra, nyuma ya pazia, alimnong'oneza maneno, akadhani ameyasahau. "Umeuza damu ya ndugu zako! Hiyas! Umeuza damu!"

"Malizia, Kapteni," Elmo alisema chini chini, hakuinua kichwa. "Jicho linaniwasha."

Hiyas aliliangusha panga. Alikwenda pembeni ya jukwaa, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mwalimu Petra, na Mwalimu kwa mshangao akakiachia.

"Acheni kurusha," alisema. "Kapteni Crisanto hakurarua kipande chake. Ninacho hapa. Kilikuwa ndani ya hirizi."

Watu walicheka kwanza. Walidhani Mwalimu Petra ameongeza mambo mapya. Hiyas akakunjua karatasi na kuanza kusoma, jina, umri, kazi. Akageuza. Akasoma maneno ya luteni polepole, kwa lugha yetu, mpaka tarehe. Kicheko kikapungua, kikabaki cha mtu mmoja, naye akanyamaza.

"Rustico hakuwauza," Hiyas alisema. Sauti ilikuwa ikimkatika. "Aliyewauza ni wetu. Aliyewauza ndiye aliyemkata mwenzake kichwa ili asihojiwe."

"Uongo!"

"Karatasi ya kughushi! Kapewa na nani?"

"Amehongwa na akina Baluyot huyo!"

Santol ikamgonga Hiyas kifuani kwa nguvu, akakosa pumzi. Nyingine ikapita sikioni. Hakusogea. Si ushujaa, nawaambia ukweli, miguu ilikataa. Elmo bado alikuwa amepiga magoti, mikono nyuma, ameinua uso wake wenye damu.

"Hiyas," alisema, "hiyo haimo kwenye mchezo."

"Haimo."

"Usinitanie. Nakuomba. Kwa hili usinitanie."

"Sikutanii, Elmo."

Mtu mmoja mnene, muuza mchele, alipanda kwenye kiti. "Mbona tunabishana na watoto? Lolo Ambo si huyu hapa? Yeye ndiye mwenye hirizi. Aulizwe!"

"Aulizwe!" watu wakadakia. "Lolo Ambo, sema kitu! Mwambie mjukuu wako aache kukutukana!"

Uwanja ukageukia kiti cha mbele. Mzee alikuwa hajatikisika. Hiyas alimtazama na akajua kuwa neno moja tu lilitosha. Akisema uongo, basi. Nani angemwamini msichana dhidi ya mzee yule? Yeye mwenyewe angeshuka jukwaani mwongo, Elmo angerudi kufungiwa madirisha, na karatasi ingeishia jikoni kwenye moto. Alimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote duniani. Alisubiri, huku akiomba, na hakujua anaomba nini.

Lolo Ambo alisimama kwa fimbo. Ilimchukua muda. Kijana mmoja alitaka kumshika mkono, mzee akamsukuma.

"Mtoto hasemi uongo," alisema. "Mwongo ni mimi. Miaka sitini na miwili."

Hakuwa na kipaza sauti, lakini kila mtu alisikia. Aligeuka aondoke. Watu walimpisha njia, na hakuna aliyempa mkono wala kumwita. Hiyas aliona mgongo wake katika lile shati jeupe ukipita kati yao, mdogo, ukielekea nyumbani, akatamani kuruka jukwaa amkimbilie. Akabaki.

Alifungua kamba mikononi mwa Elmo. Ilikuwa imekaza, ikabidi aume fundo kwa meno. Mdomo ule usiopumzika ulikuwa wazi tu, unatweta.

Ndipo mwanamke mmoja akaja mbele kutoka nyuma kabisa, karibu na gari la polisi, akimwongoza bibi kizee kwa kiwiko. Ni mama yake Elmo, Aling Saling, muuza ndizi, bado amevaa aproni yenye sukari. Watu walewale waliokuwa na santol mikononi waliwapisha. Wengine walizificha nyuma ya mgongo. Bibi alikuwa amevaa gauni la kanisani, na alikuwa akimvuta mwanawe mkono, akimuuliza jambo kwa sauti ya juu, ya watu wasiosikia vizuri: "Wamesemaje? Wamesemaje kuhusu babu?"

Aling Saling alifika chini ya jukwaa akainua uso kwa Hiyas. Hakuwa akilia. Alikuwa na hasira kavu, ya siku nyingi.

"Soma tena," alisema. "Mama yangu hakusikia."

Hiyas akakunjua karatasi. Akapiga magoti ukingoni mwa jukwaa, kinywa karibu na sikio la bibi kizee, akaanza upya kwa sauti ya juu, na jina la kwanza alilolisoma lilikuwa la ukoo wake mwenyewe, Dimaandal.